Salamu za Sikukuu ya Mashahidi kutoka Walukuba

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wa jumuiya, nanyi mliotawanyika Kampala, Nairobi na kwingineko kutafuta riziki.

Mahujaji wa Kenya wamekwisha kupita hapa Jinja. Walivuka mpaka wa Busia na wa Malaba viatu vikiwa miguuni, na wengine wakatufikia navyo mkononi. Mnaikumbuka hali ile: malengelenge, matambara yamefungwa vidoleni, na mbele yao bado msitu wa Mabira na kilomita zaidi ya 70 mpaka Namugongo, mahali pa hija ya Mashahidi wetu.

Tukawapokea kwa nyimbo. Kwaya ilipendeza, sikatai, ingawa ule ugomvi wa sare tungeuacha nyumbani. Lakini niliona watu wanaimbiwa huku macho yao yako pembeni, kwa mzee wetu fundi viatu. Alikuwa amehamisha kigoda chake kutoka sokoni hadi chini ya mwembe wa kanisa, na sindano, gundi na vipande vya tairi. Siku tatu alishona kandambili na raba za watu asiowajua, hakuchukua hata shilingi. Sista mmoja alisimama peku kwenye foleni akingoja zamu yake kama wengine.

Nilisikia aibu, nami nitawaambia kwa nini. Kwaresima tulipoandika orodha ya vipawa vya wanajumuiya, kalamu nilishika mimi. Waimbaji, wasomaji, mpiga kinanda, wapambaji wa altare. Mzee alipofikiwa akasema, "Mimi sina, mwanangu." Nami bila kufikiri nikaandika: hana.

Na hao tunaowasherehekea walikuwa nani? Noa Mawaggali, aliyeuawa Mityana tarehe 31 Mei 1886, alikuwa mfinyanzi na mtengeneza ngozi. Mikono yake ilizoea udongo, na huenda ilinuka ngozi mbichi. Andrea Kaggwa alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na nyumbani kwake akifundisha watu dini. Siku ya kuuawa kwake, tarehe 26 Mei mwaka huohuo, Katikkiro, waziri mkuu wa Kabaka, aliapa kutokula mpaka aletewe mkono wake. Basi wakaukata, wakampelekea. Mkono wa mpiga ngoma! Kila Juni nikifika hapo moyo unanisimama.

Kwa hiyo, nikiwa karani wenu, nimeifungua ile orodha upya. Mama anayejua kukaa na mgonjwa usiku kucha bila kumchosha kwa maneno, nakuandika. Kijana wa bodaboda unayewachukua wazee misa ya kwanza, nawe. Anayejua kupatanisha mtu na mkewe aje haraka, kazi ipo.

Nawatakia nyote heri ya Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, mlio wazima na mlio vitandani, na wale mnaokesha kazini mkishindwa kuja. Tutawataja kwenye nia za misa.

Tunaokwenda Namugongo: gari linaondoka kanisani saa tisa usiku, na dereva amesema hamngojei mtu. Mzee naye amenituma: viatu vilivyoachia vileteni leo kabla ya magharibi, maana kesho sanduku lake analiacha nyumbani, anakwenda kusali.