Kaka, si kila wagombanao hupatana

Kaka, shikamoo.

Tangu arobaini ya mama hatujasemezana, na mimi ndiye niliyekukatiza maneno mbele ya watu. Kwa hilo nisamehe. Kwa nilichokisema, hapana. Ulisema mambo ya nchi ya watu tuwaachie wenyewe, wagombanao ndio wapatanao. Methali hiyo ni ya watu wanaorudi kulala chini ya paa moja. Haihusu ugomvi ambao upande mmoja umeshaandika orodha ya majina ya wa kuuawa.

Unajua mahali mawazo yangu yanaporudi kila tukifika hapa. Shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, mjini Kigali, Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari, tarehe 11 Aprili 1994. Zaidi ya watu 2,000 walikuwa wamekimbilia pale, na hawakufuata kuta za shule, walifuata askari wa Ubelgiji wenye kofia za bluu za Umoja wa Mataifa. Ubelgiji ilikuwa imepoteza askari wake 10 siku nne kabla, nalo ni pigo ambalo serikali yoyote lingeitikisa, sikatai. Lakini mchana ule askari walipanda magari wakaenda zao, na Interahamwe, wanamgambo waliokuwa wakiwaua Watutsi, walikuwa hapo nje wakingoja. Waliobaki wengi wao waliswagwa hadi kilima cha Nyanza, hapohapo Kicukiro, na kuuawa. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 912, na kikosi chake cha watu takriban 2,500 kikaamriwa kipunguzwe hadi 270.

Wewe pale unaona wageni waliokosea kuingia. Mimi naona watu waliokwisha kuingia, ambao kuwepo kwao tu kuliwaonyesha wanyonge pa kukimbilia. Kuondoka kwao kulikuwa uamuzi ndani ya mgogoro ule, mzito kuliko ule wa kuja. Ndiyo maana "si yetu" yako hainipi usingizi mwema.

Halafu unapenda kunisomea Kifungu cha 4 cha Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika, ile iliyopitishwa Lomé mwaka 2000. Unasoma herufi (g), kwamba nchi mwanachama isiingilie mambo ya ndani ya nyingine, kisha unafunga karatasi. Herufi inayofuata, (h), inaupa Umoja wenyewe haki ya kuingilia kati, kwa uamuzi wa mkutano wa wakuu wa nchi, panapokuwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Zimewekwa jirani makusudi: nchi moja isijiamulie peke yake, wote kwa pamoja wasijifiche.

Wamejificha, nakubali. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika liliidhinisha askari 5,000 waende kulinda raia Burundi, likaipa serikali saa 96 iridhie. Serikali ikajibu kuwa wakija bila ridhaa watahesabiwa wavamizi. Mwisho wa Januari wakuu wa nchi walipokutana, wakaliacha jambo hilo. Niger mwaka 2023, jeshi lilipopindua serikali, yalikuwa hayohayo: ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ikatoa makataa ya siku saba, siku zikapita, majeshi hayakuvuka. Kilichofanya kazi kilikuwa kufunga mipaka, na Nigeria kukata umeme ambao Niger ilitegemea kwa sehemu kubwa. Aliyekaa gizani ni raia. Februari 2024 vikwazo vingi viliondolewa na majenerali walikuwa bado madarakani. Makataa yasiyo na kikosi nyuma yake humpa mtawala adui wa kuwaonyesha watu wake, na vikwazo visivyoacha njia ya dawa na chakula tangu siku ya kwanza humwadhibu asiyepindua chochote.

Gambia ilikwenda vingine, na sababu zake ziko wazi. Palikuwa na mshindi wa uchaguzi, Adama Barrow, aliyeapishwa kwenye ubalozi wa Gambia mjini Dakar tarehe 19 Januari 2017, kwa hiyo palikuwa na mtu wa kuomba msaada na wa kukabidhiwa nchi. Majeshi yalikuwa mpakani kweli, na Senegal inaizunguka Gambia pande zote isipokuwa baharini. Tena Yahya Jammeh, rais aliyeshindwa akakataa kuondoka, aliachiwa mlango wa kutokea, akapanda ndege tarehe 21. Mlango ule ulikuwa na gharama yake, haki ya walioteswa ilingojeshwa. Mimi ningeulipa.

Najua utanitupia Libya. Unitupie tu. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama, la Machi 2011, lililoruhusu nguvu za kijeshi kule, nililitetea mbele yako: kura 10, watano wakajizuia, lengo ni kulinda raia, hakuna jeshi la kukalia nchi. Sikutetea kulinda raia kugeuke kuangusha serikali. Sikutetea wapatanishi wa Umoja wa Afrika kunyimwa ruhusa ya kurukia Tripoli. Wala sikutetea maghala ya silaha kuachwa wazi hadi bunduki zikafika Mali. Ndiyo, nilipaswa kuuliza mapema nani ataamua kwamba kazi imekwisha na nani atalinda maghala. Sikuuliza. Lakini hata wewe hukuuliza, kaka, ulinyamaza tu, na kunyamaza kwako umekufanya kuwa busara.

Na mbona usuluhishi wa Kenya wa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, uliushangilia? Kofi Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa walikuwa wageni wote watatu. Walishikilia meza iwe moja, ili hakuna upande utakaomkimbia msuluhishi mmoja na kutafuta mwingine laini. Walipanga ajenda kwa zamu: kwanza ghasia zikome, kisha misaada iwafikie watu, kisha madaraka, na ardhi na katiba mwisho. Tarehe 28 Februari Kibaki na Raila wakatia saini. Kule pia kulikuwa kuingilia, na nchi za nje zilitishia kuwanyima viza wakubwa. Hukusema si yetu.

Sikuombi ukubaliane nami. Nataka unijibu hili moja. Uko Kicukiro, mchana ule, injini zinanguruma na watu wameziba njia kwa miili yao. Kamanda anakugeukia anakuuliza magari yaondoke au yabaki. Utamwambia nini?

Namba yangu ni ileile.