Mwanangu, adui wa insulini ndiye kisu chake

Mwanangu mpendwa,

Uliuliza kwa nini insulini ilichelewa kupatikana ilhali makongosho yalijaa machinjioni. Jibu limo ndani ya kongosho lenyewe. Kiungo hicho hutoa pia tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, na insulini ni protini. Ukilisaga ukaliacha likae, insulini inaliwa kabla hujaichuja.

Huko Toronto, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 mwenye kisukari, alidungwa dondoo ya kongosho ya watafiti Banting na Best tarehe 11 Januari 1922. Sukari ilishuka kidogo tu, na palipochomwa sindano pakafanya jipu. Dawa ilikuwa chafu. Mwanakemia James Collip aliisafisha kwa alkoholi: alkoholi ikifika takriban asilimia 80, protini nyingi huganda na kuzama, insulini ikabaki imeyeyuka, ikipita 90, insulini nayo inazama, unaikusanya. Tarehe 23 kijana yule yule akadungwa tena, na safari hii sukari ilishuka kwelikweli. Mimi humheshimu sana Collip kwa hilo.

Kisha ikaja miaka 60 ya kutegemea machinjio. Insulini ya nguruwe hutofautiana na yetu kwa asidi amino (vipande vidogo vinavyounda protini) 1 kati ya 51, ya ng'ombe kwa 3. Mwaka 1978, kampuni ya Genentech na kituo cha utafiti cha City of Hope walifanikiwa kuitengeneza ya binadamu ndani ya bakteria, minyororo yake miwili ikitengenezwa mnyororo A mbali na B mbali, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 1982. Ila kuiunganisha minyororo hiyo kulipoteza mali nyingi. Baadaye ikatumika proinsulini: mnyororo mmoja, A na B zikishikwa na kipande C.

Hapa ndipo pa kukaza macho. Bakteria huirundika proinsulini katika madonge yasiyoyeyuka. Unazipasua seli, unayayeyusha madonge kwa urea nzito, kisha unazimua sana ili kila molekuli ijikunje peke yake na kufunga vifungo vyake 3 vya salfa. Ukiuacha mchanganyiko mzito, molekuli zinanasana, unabaki na ukungu mweupe wa kutupa.

Ndipo anaitwa yule adui wa zamani. Tripsini hukata baada ya asidi amino ziitwazo lisini au arginini, na kila upande wa C una jozi ya asidi amino hizo, kwa hiyo C inachomoka. Kimeng'enya kingine, karboksipeptidezi B, kinang'oa arginini zilizosalia kwenye mkia wa B. Lakini mnyororo B una lisini nyingine nafasi ya 29, hatua moja kabla ya mwisho. Ukichelewa, tripsini inakata na hapo, asidi amino ya 30 inadondoka. Ndiyo maana kipimo cha kimeng'enya, joto na dakika vinalindwa, sampuli zinachotwa kila mara, na asidi inamiminwa kuisimamisha kazi kwa wakati.

Kwa hiyo ukiona kwenye kromatografia, kipimo kinachotenganisha molekuli na kuzichora kama vilele, kilele kidogo kimejibana kando ya kile kikubwa cha insulini, kabla ya kulaumu bakteria, kagua muda wa kukata.

Mama yako