Ukurasa wa filamu umeisahau Cairo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Ukurasa wenu wa burudani siukosi, na kila nikiufungua nakutana na Mumbai, Lagos, Istanbul na Seoul. Sina ugomvi na miji hiyo. Lakini Januari 25 mwaka huu wa 2026 imetimia miaka 100 tangu mwongozaji wa filamu Youssef Chahine azaliwe Alexandria, Misri, nami sikuona hata mistari miwili. Huyu ni Mwafrika ambaye mwaka 1997 tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, walimpa tuzo ya kuadhimisha tamasha lao la 50, kwa kazi ya maisha yake yote. Ndiye pia aliyemwonyesha mwigizaji Omar Sharif kwenye skrini kwa mara ya kwanza, mwaka 1954.

Mimi ni mstaafu wa reli. Kazi yangu ilikuwa stesheni ya Tabora, pale njia inapogawanyika kwenda Kigoma na Mwanza. Kwa hiyo msinishangae nikiacha filamu zake nyingine na kuishikilia moja, Bab el-Hadid ya mwaka 1958, iliyopigwa kwenye kituo kikuu cha reli cha Cairo. Mjukuu wangu ndiye aliyenitafutia kwenye simu. Ni nyeusi na nyeupe, haifiki hata saa moja na nusu.

Chahine mwenyewe kaigiza Qinawi, muuza magazeti anayechechemea, anayelala kwenye kibanda ambacho kuta zake zimejaa picha za wanawake alizozikata majaridani. Anampenda Hanuma, muuza soda, na Hanuma hamtaki. Mchumba wa Hanuma ni Abu Siri, mpagazi mwenye kifua chake, anayehangaika kuwaunganisha wapagazi wenzake wawe na chama, waache kunyonywa na mnyapara. Kumbe mapenzi, wivu na chama cha wafanyakazi vinaingia vyote kwenye stesheni moja, na treni hazisimami kumsubiri mtu.

Hanuma hana kibali cha kuuza. Anapanda behewani na ndoo yake ya soda, anauza harakaharaka huku akiwatania abiria, na polisi wakitokea yeye na wenzake wanatimua mbio katikati ya treni. Aliyewahi kufanya kazi reli atacheka peke yake hapo. Wauza asali na maembe wetu walikuwa hivyohivyo: ukiwafukuza upande huu, kichwa cha treni hakijapiga honi wamekwisha tokea dirishani upande wa pili. Chahine hakuyasikia hayo kwa kusimuliwa. Aliyaangalia.

Kuna pahali Hanuma anacheza ndani ya behewa, vijana wanapiga muziki, watu wanapiga makofi. Qinawi yuko nje, dirishani, naye mwili unaanza kumtikisika, uso umemng'aa. Kwa dakika ile unamwonea huruma kabisa mtu ambaye baadaye atanunua kisu. Mwisho siusemi, wasomaji wakautazame wenyewe.

Filamu ilipotoka, Wamisri wengi hawakuipenda. Walizoea kumwona Farid Shawqi, aliyeigiza Abu Siri, akitembeza ngumi na kushinda. Hapa wakapewa kiwete mwenye wazimu ndiye wa kumfuata mwanzo hadi mwisho. Leo ndiyo inayotajwa kwanza watu wanapomzungumzia Chahine. Mimi naiweka juu hata ya Al-Ard, ile ya wakulima waliopunguziwa zamu ya maji ya mfereji kutoka siku 10 hadi 5, ingawa mzee Mahmoud el-Meliguy mle ndani aliigiza mpaka basi. Ile ya Salah al-Din ya 1963, farasi wengi na panga nyingi, hainikolei.

Watengenezaji wetu wa filamu kila siku wanalia bajeti. Sawa. Lakini bajeti hiyohiyo ndogo mbona wanaimalizia kwenye jumba la kukodi, watu wanne wanagombana kwenye makochi kuanzia mwanzo hadi sehemu ya pili? Kivuko cha Kigamboni kipo. Stendi ya Mbezi ipo. Stesheni ya Tabora ipo, na mchana haikosi kisa. Najua kibali cha kupiga picha kina mlolongo wake, lakini Hanuma naye hakuwa na kibali.

Wala Misri si ugenini kwetu kiasi hicho. Wazee wa Unguja walizitazama filamu za Cairo kwenye kumbi zao, taarabu yao ina damu ya huko, na bara tulikuwa tukiisikia Cairo ikitangaza kwa Kiswahili redioni. Tamthilia za Kituruki siku hizi zinaingizwa sauti za Kiswahili na watu wanakesha nazo. Kituo chochote cha televisheni kinachoweza kazi hiyo kiifanyie Bab el-Hadid, nanyi muiandikie ukurasa mzima. Ombi langu ni moja tu: sauti ya Hanuma asipewe mtangazaji. Apewe mwanamke aliyewahi kuuza kitu stendi.

Mstaafu wa Reli,
Tabora