Ufunguo wa geti uko kwa nani? Barua kwa vijana wa jengo letu, Upanga, Dar es Salaam

Wanangu na wajukuu zangu,

Jumapili nimepanda ngazi na mfuko wangu wa dagaa, nikakuta geti jipya la grili kabla ya kufika ghorofa ya pili, na kufuli kubwa kama ngumi ya mtoto. Nimesimama pale robo saa, mpaka mlinzi aliporudi kutoka kunywa chai. Mnasema ni kwa ajili ya vibaka. Vibaka nawajua, kanga zangu mbili walizianua wao. Lakini naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Mmesahau upesi mno. Tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na robo usiku, tetemeko lenye ukubwa wa kama 6 lilipiga baharini, kusini-mashariki mwa jiji. Vikombe viligongana kabatini, taa ikabembea, nanyi mkamiminika kwenye ngazi. Mmoja akapanda tena kufuata simu. Mwingine anapiga video, mama yake anamvuta mkono. Na Mama Pacha? Alibaki nyuma ya grili ya mlango wake, funguo saba kwenye pete moja, mikono ikitetemeka kuliko jengo lenyewe. Ardhi imeshatulia, yeye bado anajaribu funguo. Nilipenyeza mkono kwenye nondo nikamshika bega. Basi, nilichoweza ni hicho.

Sisi jengo lilisimama. Bukoba, 10 Septemba 2016, nilikuwa kwa mdogo wangu. Alasiri ile ulianza mngurumo, kama lori la mchanga linapita chini ya sakafu, kisha ukuta wa jirani ukalala chini wote kwa mara moja, vumbi tupu. Mkoani walikufa watu zaidi ya 15, mamia wakaumia, sekondari za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Msiniambie hayo ni mambo ya kwao huko Bonde la Ufa. Hata chini ya bahari yetu ardhi ina mipasuko.

Sasa sikilizeni. Ardhi ikitikisika, usikimbilie ngazi. Ingia chini ya meza imara, kinga kichwa, shika mguu wa meza mpaka itulie. Uko kitandani? Baki hapo, mto kichwani. Kaa mbali na vioo na makabati. Lifti isiguswe (sisi hatuna, Alhamdulillah). Ikitulia, funga mtungi wa gesi, vaa viatu, toka nje, usimame mbali na kuta na nyaya, maana mitetemo mingine hufuata. Aliye ufukweni akitikiswa kwa nguvu apande mwinuko, asingoje kuambiwa. Wimbi la tsunami la 26 Desemba 2004 lilizuka na tetemeko kule Sumatra, Indonesia, likatufikia hapa hapa.

Toka nje, nimesema. Utatokaje? Kila mlango una grili, kila dirisha lina nondo, na sasa ngazi nazo mmezifunga! Jiji zima tumejijengea mahabusu kwa pesa zetu wenyewe, tukaita usalama. Moto ukiwaka itakuwa hivyo hivyo. Ufunguo wa mlango utundikwe kwenye msumari karibu na mlango, mtoto wa miaka minane aufikie. Usiku mmoja zimeni taa, mfungue kwa kupapasa. Mkishindwa, rudieni.

Na jengo la pili pale, fundi anavunja ukuta wa chini kupanua duka. Nimeuliza nani kakagua, nikajibiwa, "Bibi, haya hayakuhusu." Ghorofa la Kariakoo lililoporomoka 16 Novemba 2024 likaua watu zaidi ya 20 halikusubiri tetemeko. Yananihusu. Nalala mita kumi kutoka pale.

Ufunguo wa geti jipya uchongwe leo, kila nyumba iwe na wake, na mlinzi abaki na mmoja. Fundi funguo yuko pale kona, anafunga saa kumi na mbili. Wa Mama Pacha nitalipa mimi, naye apewe wa kwanza.

Bibi yenu wa ghorofa ya tatu