Somo yangu, usinunue kadi hiyo bado

Arua, Jumapili jioni

Somo yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Natumai wewe, mama na watoto hamjambo huko Bombo. Sisi huku tu wazima, mvua imeanza na mto Enyau umejaa.

Ujumbe wako wa jana umenikalia moyoni. Unasema ile Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya madrasa, imegoma kuhifadhi chochote, nafasi imekwisha, na Jumanne unashuka Kampala kununua kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 128. Tafadhali, hela hiyo iweke kwanza. Ni michango ya wazazi, na nafasi unayoitafuta huenda unayo tayari.

Mwezi uliopita ulichukua kadi ya zamani ya 16, ukainakili nzima nzima kwenye kadi ya 64. Kunakili kwa namna ile hubeba kila kitu, mipaka nayo ikiwemo. Ni kama mtu aliyepewa shamba kubwa akahamia na ua wake wa zamani: analima ndani ya ua, nje kote pori.

Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike lsblk, amri inayoorodhesha kadi na diski zote. Mstari wa mmcblk0 ndio kadi nzima, nao utasoma 59 na ushee. Usishtuke kwamba si 64. Watengenezaji huhesabu kwa 1,000, kompyuta kwa 1,024. Chini yake kuna mmcblk0p1, patisheni (yaani kipande cha kadi) ndogo ya kuwashia, na mmcblk0p2, ambamo mfumo na mafaili yako yote yanakaa. Kama hiyo ya pili inasoma 14 au 15, basi gigabaiti zaidi ya 40 zimelala bure.

Kuziamsha ni kazi ya dakika chache. Kwanza nakili daftari la mahudhurio na sauti za watoto kwenye flashi, maana umeme ukikatika katikati unaweza kupoteza vyote. Mfumo umejaa, kwa hiyo andika kwanza sudo apt clean. Itafuta mabaki ya programu ulizopakua ili mashine ipate pa kupumulia. Kisha sudo raspi-config, ingia Advanced Options, chagua Expand Filesystem, uiwashe upya. Ikirudi, df -h itakuonyesha nafasi mpya. Mfumo unaowekwa upya kutoka mwanzo hujipanua wenyewe siku ya kwanza, ndiyo maana hatua hii wengi hawaijui. Inamhitaji aliyenakili, kama wewe.

Hapo utapumua miezi michache. Lakini uliniuliza pia kuhusu kuweka Wikipedia ya Kiwix ili wanafunzi wasome bila intaneti, na hiyo ni habari nyingine. Ya Kiswahili ni ndogo, itaingia bila shida. Ya Kiingereza pamoja na picha inapita gigabaiti 100. Huo mzigo usiuweke kwenye kadi hata ukiwa na kadi ya kutosha. Kadi ndogo huchoka kwa kuandikwaandikwa, na siku ikifa inaondoka na mfumo na vitabu pamoja. Mfumo ubaki kwenye kadi, vitabu vikae kwenye diski ya SSD ya USB, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Pi yako ni ya 4, basi ichomeke kwenye tundu la buluu. Hayo mawili ndiyo USB 3, yale meusi ni ya mwendo wa pole.

Nasema SSD kwa sababu nilianza na diski ya kuzunguka hapa kwenye chumba cha kusomea. Niliichomeka, ikaanza kulia tik, tik, tik, kimya, tena tik, tik. Watoto kumi na wawili wamekaa wanasubiri. Nikatazama ile taa nyekundu ya Pi: inazimika kila diski inapojaribu kuzunguka. Taa hiyo huzimika volti zikishuka chini ya 4.63. Matundu yote manne ya USB hugawana ampea 1.2 tu, na mimi nilikuwa natumia chaja ya simu. Nilipopata adapta ya ampea 3 na SSD, kelele na kuzimika vikaisha. Wewe pima kwako kwa vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, umeme umekuwa sawa tangu ulipoiwasha.

Diski iumbe kwa ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux, usiiache kwenye FAT32, kwani mpangilio huo haupokei faili linalozidi gigabaiti 4 na faili la Kiwix la Kiingereza ni kubwa kuliko hapo kwa mbali. Kisha chukua UUID yake, yaani namba yake ya utambulisho, kwa amri ya blkid, uiandike ndani ya /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski za kufunguliwa Pi inapowaka, na somo yangu, usisahau neno nofail, linaloiambia Pi iwake hata diski isipokuwepo. Mimi nililiacha. Siku moja mtu aliichomoa diski akiwa anafagia, asubuhi Pi ikakataa kuwaka, ikaganda inaisubiri diski isiyokuwepo, na mimi nilikuwa Nebbi. Darasa la siku ile likapotea.

Na kama Jumanne utashuka Kampala hata hivyo, ukikutana na kadi ya bei ya kutupa, ipite. Niliwahi kununua moja iliyoandikwa 256. Ilipokea mafaili yote bila kulalamika, lakini nilipoyafungua, mengi yalikuwa matupu. Programu ya f3 ndiyo iliyonifumbua macho: f3write hujaza kadi, f3read husoma kilichobaki kweli. Kwangu zilibaki gigabaiti 29. Kadi za aina hiyo hudanganya ukubwa, na ukivuka kikomo chake halisi zinatupa data yako kimya kimya. Kila kadi mpya sasa naipima kabla haijagusa kazi ya watoto.

Shemeji anasafiri Alhamisi, na basi lake linapita hapo hapo Bombo. Nimempa SSD yangu ya 240 niliyokuwa nimeiweka akiba, adapta, na waya wake, vyote kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, nyeusi. Msubiri barabarani, atakupigia akishavuka Luwero. Kabla ya hapo nitumie picha ya jibu la lsblk, nilione usiku huu huu.

Nisalimie mama.

Somo yako