Wadukuzi wakiiangusha eCitizen, mwananchi aende wapi?

Kwa Mhariri,

Naendesha saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Likoni, na kazi yangu kubwa ni kuwajazia watu fomu za eCitizen, mfumo wa serikali wa kutolea huduma mtandaoni: pasipoti, cheti cha tabia njema, leseni ya udereva, usajili wa biashara. Sistimu ikilala, wa kwanza kuulizwa ni mimi, na jibu sina.

Wasomaji watakumbuka Julai 2023. Rais William Ruto alikuwa amezindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen tarehe 30 Juni. Hata mwezi haukuisha, kundi linalojiita Anonymous Sudan likaushambulia mfumo huo kwa madai kwamba Kenya inaingilia mambo ya Sudan. Watu wakahangaika kununua tokeni za stima. Wageni ikabidi wapewe viza wakishatua. Abiria wa treni ya Madaraka Express wakaambiwa walipe pesa taslimu stesheni. Waziri wa mawasiliano wakati huo, Eliud Owalo, alisema hakuna data iliyopotea.

Kwa hilo namwamini, maana shambulio la namna ile halivunji kufuli. Ni sawa na kukodi watu elfu wakajipange foleni kwenye dirisha moja bila haja yoyote, mpaka mwenye haja asifike. Kompyuta nyingi hutuma maombi ya uongo kwa mpigo, mfumo ukazidiwa. Ila wepesi wake ndio unaonitia hofu. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuwashtaki ndugu wawili raia wa Sudan kwa kuliendesha kundi hilo. Walidai chombo cha kompyuta cha kundi hilo kilifanya mashambulio zaidi ya 35,000, na kwamba watu wengine walikuwa wakikilipia ili wakitumie. Kumbe anayetaka kuisumbua serikali yetu hahitaji jeshi wala taifa nyuma yake.

Sasa tazama ni nani aliyeokoka siku zile. Abiria wa treni alisafiri kwa sababu stesheni palikuwa na karani wa kupokea fedha. Aliyetaka cheti cha tabia njema hakuwa na karani wa kumkimbilia. Mabinti wengi wa Pwani wanaokwenda kufanya kazi Saudia na Qatar hutakiwa cheti hicho na pasipoti, na ajenti huwapa siku chache tu. Siku zikipita, nafasi hupewa mwingine. Msichana kama huyo hupoteza kazi kwa ugomvi wa watu asiowajua, na hakuna ofisi inayomwandikia hata karatasi ya kuonyesha kwamba kuchelewa hakukuwa kwake.

Ndiyo maana nasema kinga ya mitandao ya serikali haiishii kwenye mashine na wataalamu wa Nairobi. Wanahitajika, na walipwe vizuri wasije wakachukuliwa na mabenki. Lakini serikali iliyoelekeza malipo yake yote kwenye paybill moja, yaani namba moja ya kulipia kwa simu, 222222, ina wajibu wa kuacha njia ya pili iliyo wazi. Kila Huduma Centre, kituo cha serikali cha kuhudumia wananchi, iwe na fomu za karatasi na stakabadhi za kuanza kutumika mara tu mfumo unapoanguka. Na tarehe za mwisho na faini zisimame mpaka urudi. Hili la faini halihitaji hata mtambo mpya, ni tangazo moja tu kwenye gazeti rasmi la serikali.

Kuna udukuzi mwingine ulio mbaya zaidi, kwa sababu haumzuii mtu kununua tokeni na kwa hiyo hakuna anayelalamika. Mei 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China walikuwa wakiingia katika wizara na idara zetu kwa miaka kadhaa, na kwamba mlango waliupata baada ya mtumishi mmoja wa serikali kupakua waraka ulioambukizwa mwishoni mwa 2019. Ubalozi wa China ulikanusha. Sisi wananchi tulisikia ripoti, tukasikia kanusho, kisha kimya. Novemba 2025 tovuti za wizara kadhaa zikachafuliwa kwa maneno ya ubaguzi wa rangi. Zikarudishwa hewani, na hapo tena hatukuelezwa wavamizi walipitia wapi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 taarifa hizo zikiibwa kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe. Duka dogo kama langu linabanwa na sheria hiyo, na ni haki, kwa sababu napokea vitambulisho vya watu. Wizara nayo ibanwe vivyo hivyo, hadharani.

Naiomba Kamati ya Bunge ya Mawasiliano, Habari na Ubunifu iite wahusika na kuchapisha mambo matatu: uchunguzi wa mashambulio ya 2023 na 2025 ulibaini nini, nani hasa anashika funguo za eCitizen, na mfumo ukianguka kesho asubuhi, mwenye pasipoti inayokwisha wiki hii aende kwenye dirisha gani.

Mwenye saiba,
Likoni, Mombasa