Kijitabu cha jubilii kisiwe orodha ya wachungaji na mabati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na kamati za maadhimisho za makanisa madogo ya Nyanda za Juu Kusini, na zaidi na wenzangu Wabaptisti. Mwaka 2026 unatimiza miaka 70 tangu misheni yetu ianze kazi Tanganyika, kwa hiyo vijitabu vitachapwa. Nimesoma vingi vya namna hiyo, vya madhehebu mbalimbali, na vinafanana kama vifaranga wa mama mmoja. Picha ya mchungaji na mama mchungaji, orodha ya waliomtangulia, mwaka wa jiwe la msingi, mwaka wa kupaua, shukrani kwa mgeni rasmi. Ukifunga ukurasa wa mwisho unajua bati lilipanda lini. Kanisa lilimfanyia nini mtu wa hapa mjini, hujui.

Sisi huku ni wageni wa juzi. Wamoravian walifika Rungwe 1891, na mwaka huohuo Walutheri wa misheni ya Berlin wakaingia upande wa Ziwa Nyasa. Mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, walipokuja kuchunguza maisha ya Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, hapakuwa na kanisa letu la kuandikwa. Wamisionari wa Baptisti kutoka kusini mwa Marekani walianza Tanganyika 1956, baadhi yao wakitokea Nigeria, na Tukuyu na Mbeya zikawa miongoni mwa vituo vyao vya mwanzo. Walikuta watu wameshagawana makanisa tangu enzi za babu zao. Mtu aliyebatizwa utotoni kwa Wamoravian utamwambia nini kuhusu ubatizo wa maji mengi akakusikiliza?

Kwa wengi, walichosikiliza kwanza kilikuwa tiba ya kifua kikuu, na ningependa vijitabu vyetu vianzie hapo. Misheni ilifungua Mbeya hospitali ya ugonjwa huo. Vijana wa leo, wanaopewa dawa za miezi sita na kuendelea na shughuli zao, hawajui ugonjwa huo ulikuwaje wakati huo. Rifampisini, dawa iliyokuja kufupisha matibabu, ilikuwa haijaingia. Mgonjwa alidungwa sindano za streptomaisini na kumeza vidonge mwaka mzima, au mwaka na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo aliimalizia wodini, mbali na shamba na watoto. Nyumbani alikotoka alikuwa ameshatengewa sahani yake na kikombe chake. Sasa mtu kama huyo akahudumiwa bila kukimbiwa, akafundishwa kusoma, akajifunza nyimbo, kisha akapona. Wazee wetu husimulia kwamba waliorudi wazima ndio waliokusanya majirani barazani na kuanza sala za jioni ambazo baadaye zikawa makanisa. Mmisionari alikuja kuweka jiwe la msingi wakati watu wameshapatikana.

Lakini majina ya wagonjwa wale hayamo kwenye vijitabu. Hata ya waliowapikia hayamo.

Na hili halikuishia kwenye kifua kikuu. Serikali ilipoanzisha Mpango wa Taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na Dk. Karel Styblo, mtaalamu wa kifua kikuu, akaujenga kwa namna ambayo nchi nyingi zilikuja kuiga, matibabu yakaingia katika huduma za kawaida za serikali. Kukaa na mgonjwa nyumbani kulibaki mikononi mwa watu walewale. Miaka ya tisini UKIMWI ulipoanza kutumaliza, kina mama wa kanisani walikuwa wameshazoea nyumba zenye wagonjwa. Utafiti wa kitaifa wa 2003 na 2004 ulikuta maambukizi ya VVU mkoani Mbeya yamefikia asilimia 13.5 ya watu wazima, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 7. Dawa za kufubaza virusi ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kufika hospitali za serikali. Kabla ya hapo, tiba ilikuwa uji, maji ya moto na mtu wa kukugeuza kitandani.

Niliwaona kwa macho yangu. Walikwenda wawiliwawili baada ya kutoka shambani, na mifuko ya rambo mikononi badala ya glavu. Waliogesha, walifua mashuka, walichota maji, walipeleka ndizi na maharage. Hawakuuliza huyu ni muumini wetu au wa Kisabato, wala kama anasali kabisa. Wakati huohuo kulikuwa na wahubiri, wa kwetu na wa jirani, waliokuwa wakitangaza mimbarini kwamba ugonjwa ule ni adhabu. Kina mama walisikiliza mahubiri hayo, wakasema amina, halafu Jumatatu wakaenda zao kwa mgonjwa. Sijui mahubiri gani mengine yangeweza kujibu yale. Kijitabu chetu cha mwisho kuhusu miaka hiyo kinaeleza kwa urefu ununuzi wa vyombo vya kwaya. Kuhusu umoja wa wanawake kinasema walishona sare.

Wabaptisti tuna sababu ya ziada ya kuharakisha. Kwa asili yetu hatuna dayosisi wala askofu wa kutawala makanisa yote. Tangu Waingereza John Smyth na Thomas Helwys walipoanzisha kanisa la kwanza la Kibaptisti Amsterdam 1609, kila kanisa linajitawala lenyewe kwa mkutano wa washirika, na mimi naupenda utaratibu huo. Ila una gharama yake. Mmoravian akitaka habari za babu yake anaweza kuandikia hifadhi ya nyaraka ya kanisa lake Herrnhut, Ujerumani. Zetu ziko ndani ya kabati la katibu, na katibu akigombana na mchungaji anahama na daftari la mihtasari. (Msituulize tumegawanyika mara ngapi.) Daftari lililobaki linaliwa na ukungu, maana Tukuyu inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na bati la kanisa linavuja palepale lilipo kabati.

Kwa kuwa tunaandika historia, tuiandike yote. Muungano wa makanisa uliotuletea wamisionari ulizaliwa 1845 baada ya Wabaptisti wa Marekani kugombana, wale wa kusini wakidai kwamba mwenye watumwa naye anaweza kutumwa kuhubiri. Waliomba radhi 1995. Sijawahi kusikia jambo hilo likitajwa katika sherehe yoyote huku kwetu, na sioni litamdhuru nani.

Ombi langu kwa kamati ni la kazi ndogo. Mpeni kijana mmoja mwenye simu nzuri apige picha kila ukurasa wa daftari la mihtasari na rejesta ya ubatizo, nakala zikae kwa watu watatu wasio wa ukoo mmoja. Mwingine akae na kina bibi mmojammoja, nyumbani kwao na si ofisini kwa mchungaji, awarekodi, hata wakisimulia kwa Kinyakyusa. Awaulize walimuuguza nani, wapi, na nani aliwakataza. Majina ya wagonjwa wa VVU yafichwe, familia zao bado zipo. Ya wauguzaji yaandikwe yote.

Kwako Mhariri, ukipata nafasi fungua safu ya historia za makanisa na misikiti midogo ya mikoa yetu, kuanzia Kyela mpaka Iringa. Utakaloletewa likianza na orodha ya viongozi, lirudishe.

Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Rungwe